Shimba, na Mhoja Aliyebaki Ndani

Kijiji cha Buhongwa,
S.L.P. 214,
Mwanza.
21 Agosti, 1977.

Mpendwa Kaka Ndalahwa,

Shikamoo. Ile shikamoo uliyomletea Mama nilimsomea mara mbili, naye akaitikia marahaba mara mbili, kisha akauliza kama umeandika pia kwamba unakula vizuri. Nikasema umeandika. Hukuandika, kwa hiyo safari ijayo uandike, nisije nikabaki na uongo.

Habari za Mlimba na kazi ya reli? Wifi Renatha na watoto hawajambo? Tunasikia huko mvua haichagui mwezi. Wifi ni mtoto wa Bukoba, mvua si ngeni kwake, lakini kifua chako wewe tunakijua tangu ulipokuwa unachunga. Vaa lile sweta. Kama limechanika niambie, nitakufumia jingine kabla Mama hajasikia.

Sisi huku tu wazima. Mama vumbi la mwezi huu linamsumbua macho, lakini bado anamtambua mtu kwa mwendo kabla hajafika uani. Mume wangu Nkwabi yuko kwenye pamba. Mwaka huu imetoa vizuri, ila magari ya kuibeba hayaonekani, na magunia yamejaa mpaka kwenye darasa moja la shule. Watoto wanasomea nje na wanafurahi sana.

Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nimechelewa kuijibu kwa sababu ya lile swali lako. Uliuliza kama mdogo wetu Shimba aliingia gerezani akiwa tayari mgonjwa wa akili, au ugonjwa aliupatia humo humo. Najua hukuweza kuja kumzika kwa sababu ya kazi, na mtu ambaye hakuona kaburi hubaki na maswali. Nitakueleza nilivyoona, kisha nina ombi.

Aliingia akiwa mgonjwa. Hilo sasa nina hakika nalo. Lakini hakuna aliyejua, maana ugonjwa ulianza nyumbani kwa Ng'washi.

Unamjua binamu yetu Ng'washi. Ni binti wa shangazi, kwa hiyo mtani wetu wa damu, na mdomo wake unaufahamu. Tulipohamishiwa hapa kijijini mwaka wa Operesheni, nyumba yake na ya Shimba zikawa jirani. Shimba akawa anaingia kwake bila hodi, anakalia kigoda cha mumewe na kusema, "Mwenye nyumba nimekuja, nipakulie." Siku nyingine anaondoka na kuku. Ng'washi anapiga kelele za mwizi, watu wote wanacheka. Nani angeshangaa? Kuku wa mtani huchukuliwa hivyo hivyo, tangu tulipokuwa Usagara, kabla ya kuhamishwa.

Baadaye akachukua kifuniko cha chungu. Akachukua taa. Siku moja akamwaga mtungi mzima wa maji akisema yametiwa dawa. Nilikuwapo. Ng'washi akashika kiuno akamwambia, "Wewe! Kama ningetaka kukuua si ningekubali unioe, ufe polepole?" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Shimba hakucheka. Hakumrudishia neno. Alisimama anaitazama ile ardhi iliyolowa, kisha akaenda zake. Mtani akitukanwa hurudisha, ndiyo raha yenyewe. Yeye alikuwa ameacha kurudisha, labda kwa miezi mingi, na sisi tuliendelea kucheka peke yetu. Ng'washi mpaka leo akikumbuka mtungi ule hunyamaza, na wewe unajua ilivyo kazi kumnyamazisha yule. Mimi humwambia kwamba hata daktari angecheka, kwa namna alivyosema.

Halafu likaja jambo la mizani. Hilo ulisikia, lakini ulisikia vibaya. Hakuiba sukari wala kanga. Alichukua mizani ya duka la kijiji, akaibeba kichwani kwa miguu mpaka Nyegezi, akaitupa ziwani mbele ya wavuvi. Hakujificha. Akarudi nyumbani, akalala.

Mahakamani alipoulizwa kama ni kweli, akasema kweli. Hakimu akamuuliza sababu. Akajibu, "Ilikuwa inatupima tukiwa tumelala, mheshimiwa. Hata wewe imekupima." Watu wakaangua kicheko. Hakimu akaona anafanyiwa mzaha, tena kwa mali ya umma, akamfunga. Nilikuwa benchi la nyuma, nikamwona Shimba anageuka kuwatazama waliocheka, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kujua wamecheka nini.

Hayo ndiyo majibu ya nusu ya kwanza ya swali lako. Nusu ya pili ni ndefu zaidi.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona gerezani nilidhani mgonjwa ni yeye peke yake. Niliona aibu. Kwenye kivuli cha ukuta tunaposubiri kuitwa walikuwapo wanawake wengi, na kila mmoja amekumbatia kikapu chake kama yuko peke yake duniani. Mama mmoja wa Ukerewe akaniuliza ninamwona nani. Nikasema mdogo wangu, haongei vizuri siku hizi, malaria imempanda kichwani. Akasema, "Pole. Na mwanangu ni hiyo hiyo, malaria ya kichwa." Mwingine wa Magu akageuka, "Na mume wangu." Akaongezeka mwingine. Mwishoni bibi mmoja mwembamba wa Kwimba, aliyekuwa ametulia muda wote anatafuna muwa, akatema makapi na kusema, "Basi mbu wa humu ndani wana dhambi. Wanauma vichwa tu."

Kaka, tulicheka vibaya sana pale ukutani. Askari akatoka kutazama kuna nini. Baada ya hapo hatukufichana tena. Kila siku ya kuonana tulisalimiana kwa wagonjwa wetu. Wa kwako amekubali kunawa? Wa kwangu amenijua leo. Wa kwangu ameniita mama yake, na mimi ni mkewe. Nilijifunza mengi kwa wanawake wale, na lililonishangaza kuliko yote ni kwamba tulikuwa wengi.

Nilimuuliza dresa anayetibu wafungwa pale, Bwana Cleophace, Mhaya mmoja mpole anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Dada Dorotea, ukitaka kumjua mgonjwa humu usimtafute anayepiga kelele. Tazama asiyegombania maharage." Akaniambia kila kikosi kinachotoka kwenda shambani hakikosi watu wa namna hiyo, wawili, watatu, mara nyingine zaidi. Wengine wameletwa hivyo hivyo, kama Shimba. Wengine aliwapokea wakiwa wazima, akawaona wanavyopotea kidogo kidogo mbele ya macho yake, hasa mahabusu. Mfungwa ana siku yake ya kutoka, anaihesabu. Mahabusu hana cha kuhesabu.

Nikamuuliza, sasa mnawafanyaje? Akasema ana dawa ya malaria, ya vidonda na ya tumbo. Ya kichwa ana sindano moja ya kumlaza mtu, naye haipendi. Wakizidiwa hupelekwa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, lakini ni mbali, inataka gari na askari wa kusindikiza, na mafuta yenyewe kaka unajua yalivyo. Shimba alikuwa katika watu wa kupelekwa. Safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Sikumwona mtu mbaya pale wa kumkasirikia. Ningempata labda ningelala vizuri zaidi.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikiwa shambani. Mgonjwa wa kichwa hufanya nini? Huingia nyumba isiyo yake. Humtukana mwenyekiti. Huambiwa hama, yeye hurudi. Huchukua kitu akaenda nacho mchana watu wanamwona. Mwenye homa akitetemeka tunamfunika blanketi, lakini huyu kutetemeka kwake kunafanana na makosa, basi anaitiwa mgambo. Wanapita mlango ule wa gereza mmoja mmoja, na kila nyumba inadhani imepatwa peke yake. Ukisimama pale ukutani siku ya kuonana ndipo unapowaona wakiwa pamoja.

Sasa nikueleze alivyokufa, maana wewe uliambiwa homa ya mapafu tu.

Shimba aliogopa chakula. Tangu ule mtungi wa Ng'washi aliamini anatiliwa dawa. Unamkumbuka alipokuwa mdogo, alivyokula ugali kwa kuzunguka pembeni, katikati akituachia sisi? Huko ndani alikuwa hagusi hata pembeni. Aliyemfanya ale ni mfungwa mwenzake, jina lake Mhoja. Msukuma mwenzetu, mtu mzima, mrefu, kimo kama chako. Kwetu pombe haimfikii mgeni mpaka mwenyeji ameonja. Mhoja alifanya hivyo. Kila chakula kilipokuja alichukua bakuli la Shimba kwa mikono miwili, akasema, "Karibu kwangu," akaonja, akasubiri kidogo, akampa. Na Shimba akala. Wenzao waliwacheka, wakamwita Mhoja mke wa Shimba. Hakujali. Kwa njia hiyo mdogo wetu alikula zaidi ya mwaka.

Kisha Mhoja mwenyewe akashikwa na homa, akawekwa chumba cha wagonjwa. Wengine walijaribu kuonja. Bwana Cleophace alijaribu. Shimba hakukubali, mwenyeji wake hakuwa yeye. Mhoja aliporudi akaonja kama kawaida, lakini koo la Shimba lilikuwa limekwisha kufunga, na kifua kikafuata. Ilikuwa katikati ya masika. Mhoja ndiye aliyemwosha. Tulipokwenda kuchukua mwili tulimkuta ni safi, kucha zimekatwa, na wewe unajua Shimba hakukubali kukatwa kucha hata na Mama.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa ombi langu.

Huyu Mhoja naye ni mgonjwa. Si kama Shimba. Analima vizuri, ananawa, anasalimu. Ila katikati ya mazungumzo husimama na kuitika "Naam!" kwa mtu ambaye hayupo, akasikiliza, akakaa. Mwaka wa Operesheni alihamishwa kama sisi, akawa anarudi kwenye mahame ya kwao kila asubuhi na kukaa pale ilipokuwa zizi. Mgambo mmoja akamvuta mkono, naye Mhoja akampiga fimbo, akamvunja mkono. Ndilo kosa lake.

Kifungo chake kimekwisha. Walimfungulia akatoka. Kesho yake wakamkuta amekaa nje ya lango na bakuli lake. Walimwandikia mwenyekiti wa kwao, barua ikarudi, kwa sababu kijiji kile hakipo tena kwa jina lile, na watu wake walitawanywa, wengine Geita, wengine hakuna ajuaye. Wakamhurumia, anafagia uwanja wa askari na kulala stoo ya majembe. Lakini sasa amekuja mkubwa mpya. Anasema, na ni haki yake, kwamba gereza si pa kumweka mtu huru. Kabla ya vuli Mhoja apate ndugu wa kumchukua, au apelekwe ile hospitali ya mbali. Labda ni pazuri. Lakini huko hatakuwa na mtu hata mmoja wa kuuliza habari zake.

Nataka tumchukue sisi. Nyumba ya Shimba iko tupu.

Nilimwambia Nkwabi. Akasema yeye hana neno baya, lakini nyumba ile iko kwenye kiwanja chako, na nyumba ya marehemu haifunguliwi mpaka kaka mkubwa aseme. Mkwe hawezi kuifungua. Basi nikawaita wazee. Baba mdogo Ngosha aliwaka. "Dorotea, unataka kutuletea jela nyumbani? Moja haikukutosha?" Ng'washi akamjibu kabla yangu, "Mjomba, wewe ukinywa unawaimbia ng'ombe mpaka wanakataa kukamuliwa, na hatujakupeleka popote." Wazee wakacheka, yeye hakucheka.

Lakini hofu yake si ya bure, nami sitaki uamue bila kuijua. Aliuliza, akimpiga mtoto je? Nilimfikishia Bwana Cleophace swali hilo kama lilivyo. Akasema miaka yote hii Mhoja hajamgusa mtu, ila asishikwe mkono wala kuvutwa. Aitwe, atakuja. Hawezi kuniapia zaidi ya hapo, na mimi siwezi kukuapia wewe. Nimewaambia watoto wangu, huyu mtu akija haguswi mkono. Wamesema sawa. Mkubwa akauliza, "Na akitushika yeye?" Nikasema basi mnasimama, mnamsalimu.

Kwenye barua yako ulisema mtu akishaingia kule, habari zake ziishie kule, kwa ajili ya heshima ya nyumba. Sikukasirika, kaka. Najua huko ugenini unaulizwa ndugu zako wako wapi, na jibu hili ni gumu. Lakini ukumbuke wale wanawake pale ukutani. Kila mmoja alikuwa anafunika heshima ya nyumba yake kwa kikapu, na nyumba zote ni hizo hizo.

Juma lililopita nilimpeleka Mama. Alitaka mwenyewe. Mhoja alikuwa anafagia. Mama akamuuliza ukoo wake, akamwambia. Akamuuliza, "Mwanangu alikuwa anakula?" Mhoja akaweka ufagio chini ndipo akajibu, "Alikula, mama. Mboga ndiyo alikuwa anaacha." Mama akasema, "Hata kwangu aliacha." Wakasimama tu pale wawili. Nikaona bora nitazame ziwa, linaloonekana kutoka pale uwanjani.

Kisha mimi na Mama tukarudi Buhongwa. Hakuniambia nikuandikie wala nisikuandikie. Anasema neno ni lako, na mimi nakubali. Kwa hiyo andika neno hilo, kaka, na uliandike mapema, maana barua kutoka Mlimba zinapenda kupumzika njiani. Kama ni ndiyo, mwandikie Mama mwenyewe, nami nitamsomea. Kama ni hapana, niandikie mimi tu, kwa jina la Nkwabi, nitafute namna ya kumwambia. Jana nilimkuta ametoa blanketi la Shimba, ameliosha, amelianika juani. Nilipomuuliza alisema ni kwa sababu ya nondo.

Nkwabi anakusalimu, anasema mkifungua stesheni mpya usimsahau, atakuja kuuza karanga. Ng'washi anakusalimu na kusema kama umeoa mwingine huko bila kumwarifu yeye mke mkubwa, atapanda treni na mchi wake. Baba mdogo Ngosha anakusalimu pia. Amesema atafuata utakalosema. Mpe wifi Renatha mkono wangu, na uwaguse watoto vichwa kwa ajili ya Mama.

Mhoja naye anakusalimu. Hakujui, lakini nilimwambia nina kaka yuko kwenye reli. Aliniuliza kama treni yenu inafika kwao. Nikamuuliza kwao ni wapi siku hizi. Akaniambia nikuulize wewe.

Mungu akulinde kwenye vyuma vyako na mvua zako, akurudishe kwetu ukiwa na kifua kizima.

Mimi mdogo wako, akupendaye na anayengoja neno lako,

Dorotea